Kinyonga na Risasi

Kinyonga hana sumu. Tuanze hapo, kwa sababu ni jambo ambalo ukilisema kwa sauti katika ploti yoyote ya Mikindani utaangaliwa kama mtu ambaye hakulelewa. Hana sumu, hana mbio, na shughuli yake kubwa duniani ni kula wadudu. Lakini wacha aonekane kwenye ua saa kumi jioni. Wamama watapiga mayowe, watoto watatimka, na kijana mwenye misuli kuliko wote atakuja na mawe, halafu atasimama mbali kuliko kila mtu.

Nimeuliza sana watu kuhusu hili. Umewahi kuumwa na kinyonga? Hapana. Unamjua mtu aliyeumwa? Hapana. Sasa unaogopa nini? "Wee! Yule si wa kuchezea." Wengine huongeza kwamba akikushika haachi mpaka radi ipige. Ukitaka kujua ni nani aliyewahi kushikwa akangojea hiyo radi, hupewi jina.

Yaani hakuna hata mmoja wetu aliyefundishwa hofu hii na kinyonga mwenyewe. Tulifundishwa na watu waliokuwa wamesimama karibu nasi siku ya kwanza tulipomwona. Mtoto wa miaka miwili humtazama yule mnyama kwa sekunde moja, kisha hugeuka kumtazama mamake. Somo lote liko pale, kwenye uso wa mama.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni tabia ya kusoma mambo ambayo hayatawahi kuja kwenye mtihani. Ndivyo nilivyokutana na Stanley Rachman, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 kwamba mtu hupata hofu kwa njia tatu: aumizwe mwenyewe, amwone mwingine akiogopa, au aambiwe. Ile ya kwanza ndiyo tunayoipigia methali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hebu hesabu hofu zako. Nyoka, giza, askari, maji ya kina, watu wa kabila fulani, makaburi, kusema mbele ya watu. Ni ngapi kati ya hizo uliumia mwenyewe ndipo ukaanza kuogopa? Mimi nikihesabu zangu napata mbili. Zilizobaki nilipewa.

Miaka ya 1980 huko Marekani, Susan Mineka na wenzake walifanya jaribio na kima wa aina ya rhesus. Waliozaliwa na kukulia maabara hawakuwa na habari na nyoka. Walinyoosha mkono juu yake wakachukua chakula kama kawaida. Kisha wakaonyeshwa wenzao waliokulia porini wakimwona nyoka na kupagawa. Muda mfupi tu wa kutazama ulitosha. Walipopimwa miezi mitatu baadaye, hofu bado ipo. Hakuna aliyeumwa. Kulikuwa na nyoka, kukawa na uso wa mwenzako, basi.

Watoto wetu ni vivyo hivyo. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti ambao watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ya kioo inayoonekana kama ina shimo dogo katikati, na mama yuko upande wa pili. Mama akitabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama akiweka uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Shimo ni lile lile. Kilichobadilika ni uso.

Sasa kabla hatujaanza kulaumu wazazi, tukubali kwamba huu ni mpango mzuri sana. Kama kila mtu angelazimika kujifunza hatari kwa mwili wake, tungeisha. Kivuko cha Mtongwe kilizama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa zaidi ya watu 270. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini namjua mzee ambaye mpaka leo akipanda feri hakai ndani ya gari, na kwa kumtazama yeye nami sikai. Amenipa kwa bure kitu ambacho wengine walilipia kwa uhai. Hofu ya kuonyeshwa ni urithi.

Shida ya urithi ni kwamba unaupokea bila risiti. Unapewa hofu, hupewi sababu. Na kwa kuwa unaogopa, hukaribii, na kwa kuwa hukaribii, hutajua kamwe kama sababu bado ipo. Ndiyo maana kinyonga wa leo anapigwa mawe kwa kosa ambalo hata babu yake hakulifanya.

Kuna wanyama wanaoshughulikia jambo hili vizuri kuliko sisi, tena hapa hapa Kenya. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwachunguza tumbili wa Amboseli na mwaka 1980 wakachapisha walichokiona. Tumbili wana milio tofauti ya tahadhari kwa maadui tofauti. Ukisikika mlio wa chui wanakimbilia mtini. Mlio wa nyoka, wanasimama na kukagua majani chini. Mlio wa tai, wanatazama juu. Wadogo huanza kwa kukosea. Mtoto wa tumbili anaweza kupiga mlio wa tai kwa sababu ameona njiwa, au hata jani likianguka. Ukisikika mlio huo, wakubwa hutazama juu. Wakiona kweli ni tai, nao huupiga. Wakiona ni jani, wanaendelea kula.

Hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Tumbili mkubwa hampuuzi mtoto, lakini pia haungi mkono mayowe asiyoyathibitisha. Anatazama juu kwanza. Kwa kuurudia mlio au kunyamaza, anatoa ushahidi. Na mtoto anajifunza tofauti ya tai na jani kwa sababu wakubwa wake hawasemi uongo.

Tushuke Owino Uhuru. Ni mtaa uliomo humu humu Mikindani, na kilichotokea pale kinafaa kufundishwa kila mahali panapozungumziwa hofu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi kilianza kazi kando ya nyumba za watu. Risasi ninayosema ni madini, si ile ya bunduki, ingawa Kiswahili kimezipa jina moja na sidhani kilikosea.

Moshi ulionekana. Maji machafu yalipita mtaani. Watu walikohoa. Kwa hivyo hatuwezi kusema hatari ilifichwa kabisa. Lakini risasi haina meno, haitambai, haimrukii mtu. Inaingia kwa vumbi, kwa maji, kwa mkono wa mtoto unaotoka mchangani kwenda mdomoni. Inakaa kwenye damu na mifupa, na kwa mtoto inaharibu ubongo polepole, bila kelele. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Sasa fikiria mtoto wa Owino Uhuru aliyekuwa akitazama. Aliona nini? Aliona watu wazima wakiingia langoni asubuhi na kutoka jioni wakiwa wazima, wana hela ya unga. Aliona majirani wakianika nguo chini ya moshi ule. Hakuna aliyepiga mayowe. Somo alilopata ni kwamba hapa hakuna neno. Pengine mtoto huyo huyo, siku hiyo hiyo, alifundishwa kumkimbia kinyonga.

Hapa ndipo naona wengi wetu tunapopotea tunapozungumzia hofu. Tunadhani ugonjwa ni hofu na dawa ni ujasiri. Lakini utulivu nao unaambukiza, na utulivu nao unaweza kusema uongo. Uso usioogopa ni ushahidi sawasawa na uso unaoogopa. Pale Owino Uhuru watu hawakuugua kwa sababu walikuwa waoga. Waliugua katikati ya utulivu mkubwa, na wenye jukumu la kupiga mlio, ofisi zenye vibali na vipimo, ndizo zilizokuwa tulivu kuliko wote.

Aliyetazama juu alikuwa Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda chenyewe. Mtoto wake mchanga aliugua, na alipopimwa ikaonekana ana risasi kwenye damu. Omido angeweza kuchukua mtoto wake akahama, na nani angemlaumu? Badala yake alihakikisha watoto wengine wa mtaani wanapimwa. Zingatia mpangilio huo: kwanza kipimo, halafu kelele. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa sababu ya maandamano, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa, Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Fidia hairudishi ubongo wa mtoto. Lakini leo ukitaja neno risasi Owino Uhuru, hata mtoto anajua unasema nini. Wamepata hofu mpya, na hii ina risiti.

Kwa hivyo swali la maadili si "je, tuogope au tusiogope?" Ni hili: kama kuogopa kwangu na kutulia kwangu ni ushahidi mbele ya watu wanaonitazama, nina wajibu gani wa kuwa shahidi mkweli? Mahakamani shahidi wa uongo anafungwa. Nyumbani anaitwa mzazi, na mtaani anaitwa mtu mwenye uzoefu.

Chukua mwaka wa uchaguzi. Mikindani ni mtaa wa mchanganyiko. Katika ploti moja utakuta Mkamba, Mduruma, Mluo, Mtaita, Mgiriama, Mkikuyu, wote wanagombania mfereji mmoja. Ukifika Julai ya mwaka wa kura, masanduku huanza kutoka chini ya vitanda. Mabasi ya bara yanajaa. Mama anasema tu, "Tunaenda kusalimia nyanya." Watoto si wajinga. Wanajua nyanya hasalimiwi na friji.

Hofu hii haikuzuka hewani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, na siku zilizofuata watu wa bara waliuawa, wakachomewa nyumba na kufurushwa kwa maelfu. Miaka kumi baadaye, baada ya kura ya Desemba 2007, nchi nzima iliwaka. Aliyefunga sanduku mwaka 2013 alikuwa na sababu, na simcheki. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 hakuiona Likoni. Aliona masanduku tu. Mwaka 2017 aliyaona Agosti, na Mahakama ya Juu ilipobatilisha matokeo tarehe 1 Septemba, akayaona tena kabla ya marudio ya Oktoba. Mwaka 2022 kura ya ugavana wa Mombasa iliahirishwa mpaka tarehe 29 Agosti, na mizigo ikakaa mlangoni karibu wiki tatu zaidi. Mtoto huyo sasa ni kijana. Muulize anaogopa nini mwaka wa kura, hatasema 1997. Atasema "unajua tu hawa watu." Hawa watu ni akina nani? Ni wale waliompa chumvi juzi.

Tena hofu ya mtu wa upande mwingine ina ubaya wa ziada. Mwaka 2005 Andreas Olsson, Elizabeth Phelps na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa kwa Wamarekani weusi na weupe. Walionyeshwa picha za nyuso huku wakipewa mshtuko mdogo wa umeme. Mishtuko ilipokoma, hofu ya uso wa mtu wa kundi lao ilififia. Hofu ya uso wa kundi lingine ilibaki. Waliokuwa na uhusiano wa karibu zaidi na watu wa kundi lile lingine, hofu yao ilikuwa dhaifu. Kwa lugha ya ploti: anayekula kwa jirani husahau haraka kumwogopa jirani. Na sanduku linafanya nini? Linamwondoa mtoto kwa jirani wakati ule ule ambao angeona jirani hafanyi kitu.

Kuna wengine wanaoijua saikolojia hii kuliko maprofesa, na wanaitumia. Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889 pale Pangani, hawakuwa na haja ya kumfundisha yeye lolote. Maiti haifundishiki. Somo lilikuwa la waliobaki.

Juni 2024 sisi wa rika hili tulionyeshana kitu tofauti. Mswada wa Fedha ulitutoa nje, na ujasiri ukasambaa jinsi hofu inavyosambaa: kwa kutazama. Unaona kwenye simu mtu wa umri wako, viatu vya mtumba kama vyako, amesimama mbele ya lori la maji, na kitu ndani yako kinasema kumbe inawezekana. Halafu zikaja zile risasi nyingine, tarehe 25 Juni pale Bungeni, na baadaye magari yasiyo na nambari. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50, 82 ni tone. Lakini anayeteka hahitaji kuteka wote. Anahitaji watazamaji. Ukifuta chapisho lako leo usiku kwa sababu ya mtu aliyechukuliwa Nairobi, wewe ndiye ulikuwa mwanafunzi wa darasa lile.

Najua pingamizi, kwa sababu naisikia nyumbani. "Wewe huna mtoto. Ukiwa naye utamwambia anyamaze." Pengine. Mama anayemvuta mwanawe ndani ya nyumba anafanya hivyo kwa mapenzi, na simwambii mtu aende kupigwa risasi ili mtoto wake ajifunze uraia. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, na pengine ni kigumu zaidi: mwambie sababu. "Nyamaza, kuna watu wanaoteka wanaosema, na ni makosa" ni ushahidi wa kweli. "Nyamaza, hayo mambo si mazuri" ni uongo, kwa sababu mtoto atakua akiamini kibaya kilikuwa kusema. Hofu ni ile ile, tahadhari ni ile ile. Tofauti ni kwamba wa kwanza amepewa risiti na siku moja anaweza kuangalia kama deni bado lipo.

Halafu kuna habari njema ambayo huwa haitajwi. Mwaka 1967 Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto wadogo waliokuwa wakiogopa mbwa, wakawaonyesha mtoto mwenzao akicheza na mbwa bila wasiwasi. Wengi wakakaribia. Na Mineka alipowaonyesha kima wake kwanza wenzao waliotulia mbele ya nyoka, wengi wao hawakushika hofu hata walipokuja kuwaona wengine wakipagawa. Kuona mtu mmoja mtulivu mapema ni chanjo.

Wagiriama walijua hili bila maabara. Husimuliwa kwamba mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alisimama mbele ya mkutano, mzungu wa serikali akiwepo, akaleta kuku na vifaranga vyake. Akamwambia mzungu achukue kifaranga kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili angeweza kuhutubia saa tatu juu ya ushujaa. Aliona ni bora watu watazame. Na kuku yule hakuwa jasiri wa maonyesho. Aliogopa kitu cha kweli, kwa kiasi chake, akaelekeza hofu yake mahali panapostahili.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Julai mtoto wa ploti yenu atakuwa amesimama mlangoni, anatazama kama unatoa sanduku. Ukiwa na sababu ya kuondoka, ondoka, lakini kaa naye chini umwambie ni nini, kilitokea wapi na mwaka gani. Ukikosa sababu ya kumwambia, mpe ndoo, akapange foleni ya maji na mtoto wa jirani.